Waliosema Wana Kazi

3 Machi

Shikamoo dada,

Mimi mzima, wasiwasi wangu ni wewe na watoto tangu kiwanda kifungwe. Umeniuliza uchague kozi ipi ya wasio na ajira, kuchomelea vyuma au kompyuta. Ofisini kazi yangu ndiyo hiyo, kuzilinganisha. Nenda kompyuta. Nani atampa mama wa watoto wawili geti alichomelee? Wewe nisikilize mimi.

Mdogo wako

20 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Afya tunayo, cha kutia tumboni ndiyo shida. Kozi nilimaliza Juni. Nimeandika barua kumi na nne za maombi, kimya. Juzi binti wa ofisini kwenu alinipigia, akauliza kama wiki hii nimefanya kazi yoyote. Nilikuwa nimefua mashuka ya jirani, na sikutaka kukuaibisha, nikajibu ndiyo. Wenzangu wa kompyuta nao walijibu hivyo hivyo. Nani atakiri kwa mgeni kwamba kozi imemtupa? Kwenye kuchomelea wanaanza wapya Januari. Nimeongea na mwalimu wao, na hakucheka nilipomtajia umri wangu. Niandikishe huko, tafadhali.

Dada yako

11 Desemba

Shikamoo dada,

Natumaini nyote hamjambo. Sijui nianzie wapi. Katika ulinganisho wetu kompyuta wameshinda: asilimia themanini na mbili wamesema wana kazi. Wachomeleaji, thelathini na moja. Tukiwapigia wanajibu hawana kazi, na huku nyuma yao mashine inanguruma. Kwao kibarua cha siku si kazi; kazi ni kuwa na karakana yako. Nilikuwa nimeshaisoma barua yako, dada. Mkuu alikuwa anasubiri ripoti, nikatia saini. Kozi ya kuchomelea imefutwa. Nimepandishwa cheo, nitawasaidia. Nisamehe.

Mdogo wako

2 Januari

Marahaba.

Watoto hawajambo. Msaada wako baki nao.

Leo nilikwenda kule kwenye kozi, labda nikute umekosea. Mwalimu alikuwa anapakia mitungi ya gesi kwenye mkokoteni, peke yake, nikamshikia upande mmoja. Alisema vijana wake sita wanachomelea paa la soko jipya, na bado kuna mtu ameandika kwamba mafunzo yake hayafai. Akaniuliza, "Mama, huyo aliyeandika unamjua?"

Nimekulea tangu una miaka minne. Nikamjibu simjui.