Rasa, na Zabibu za Baba

Jumatatu, 3 Machi

Nimepita mistari yote kumi na sita kabla ya chai. Punje moja kila mstari, natafuna, natema mbegu. Ukakasi bado upo. Huku njia ya Mvumi kila mtu anajua hakuna ulimi kama wangu. Kidato cha pili niliacha, au kiliniacha, tusibishane. Lakini nionyeshe mwalimu anayeweza kuonja zabibu akasema imebakiza siku ngapi.

Baba kasema jana mbele ya Mama: misimu miwili tumeambulia patupu, huu wa tatu ukiharibika tunang'oa, tunapanda alizeti. Hakuwa anatisha. Baba huwa hatishi. Mizabibu hii niliipanda mimi, pingili kwa pingili, mwaka ule nilioacha shule. Ndicho kitu pekee nilichowahi kukianza nikakimaliza.

Msimu huu hauharibiki. Nimekataa.

Alhamisi, 6 Machi

Mzee Ratilal kavuka mpaka wa shamba kuja kuonja. Huyu ni jirani, Mhindi wa hapahapa Dodoma, zamani alikuwa na duka la dawa za mitishamba mjini. Katia punje yangu mdomoni, kafumba macho, kasema, "Rasa." Nikadhani jino limemuuma.

Kumbe ni neno la Kisanskriti, lugha ya vitabu vya kale vya kwao. Maana yake maji ya ndani ya mmea. Juisi. Nikamwambia, mzee, neno zito hivyo kwa ajili ya juisi? Akacheka. Ni ladha pia, anasema, na ladha ziko sita: tamu, chachu, chumvi, kali, chungu, kakasi. Nikazirudia zote palepale, moja baada ya nyingine. Hakutegemea.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya ibada nikapita kwao. Kuna dada yake, Bibi Savita, mkubwa kwake, yeye ni sala na maua mbele ya picha ya Krishna tangu asubuhi. Nimechokoza kidogo tu: hiyo rasa yenu ni juisi au ladha? Moto ukawaka.

Mzee anasema baba yao alikuwa mganga, na kwa waganga rasa ni maji ya kwanza ya chakula mwilini, kabla hayajawa damu. Wengine waliita zebaki rasa, wakaipika wakitafuta dawa ya kutokufa. Nikawaambia binamu yangu yuko machimbo ya dhahabu, zebaki anaishika kila siku, na anakohoa kama mbuzi. Hiyo dawa wamwachie nani?

Bibi akanipungia mkono. "Mwili unapita, dikra." Dikra kwao ni mwanangu. "Mungu mwenyewe ni rasa. Ukimpenda, unamwonja."

"Dada, kijana kauliza zabibu, unampa mbingu!"

"Na wewe umempa zebaki!"

Nimecheka mpaka chai ikanipalia. Neno moja, nyumba nzima haielewani. Nimelichukua. Litanifaa.

Jumatano, 12 Machi

Limenifaa leo. Bwana wa kiwanda cha mvinyo kinachonunua zabibu zetu kaja na kipimo chake cha sukari. Kaminya punje, kachungulia kwenye kioo, kasema zimefika, kateni kesho, lori linapita Ijumaa. Nikamwambia hicho kioo chako kinaona sukari tu. Kakasi hakioni. Rasa haijakamilika.

"Rasa ndiyo nini?"

Nikampa zote. Juisi, ladha sita, maji kabla ya damu. Wakulima waliokuwa pale wameacha midomo wazi. Nilikuwa napaa, sisemi uongo.

Baba akaniuliza mbele yao, polepole, "Yona, tungoje?" Hajawahi kuniuliza kitu mbele ya watu.

Nikasema tungoje. Lori lirudi Ijumaa ijayo.

Ijumaa, 14 Machi

Majirani wote wamekata. Lori limeondoka limejaa. Mzee Ratilal naye kakata! Nikamcheka toka mpakani: mzee, umeliacha neno lako mtini? Akajibu bila kuinua kichwa, akipanga kreti. "Mimi nimekufundisha ulimi, Yona. Wingu sikukufundisha."

Woga wa uzee.

Jumapili, 16 Machi

Hakuna wingu. Nimepita kumtambia. Hakukasirika, kaniwekea chai, kaanza habari za maigizo. Ujanani aliigiza ukumbini kwao mjini. Anasema kwa watu wa jukwaani rasa ni kile anachoonja mtazamaji moyoni: mapenzi, kicheko, hasira, woga, huzuni na mengine. Yeye anahesabu nane. Bibi Savita kapaza sauti toka jikoni kwamba ni tisa, kaisahau amani, na si ajabu kuisahau.

Ila huzuni ndiyo ilinikaa. Anasema watu walikuwa wakilia ukumbini, na kesho yake wanarudi kulia tena. Eti huzuni ya jukwaani ni tamu.

Nikamwambia Wagogo hatuna muda huo.

Jumanne, 18 Machi

Imefika!

Mstari wa tatu, wa saba, wa kumi na tano. Kakasi imekwisha. Utamu unakuja, unakaa, halafu unabaki hata ukishameza. Nimempelekea Baba kishada. Kala nusu, kisha kala iliyobaki. Kasema kesho kutwa tukate yote, iwe tayari kwa lori.

Nilikuwa sahihi. Naandika tarehe ili isisahaulike.

Jioni upande wa Mvumi kumekuwa kweusi.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Tangu alfajiri mpaka jioni.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Tulikata hivyo hivyo, mimi, Baba na Mama, tukiwa tumelowa chepechepe. Punje zimepasuka. Unashika kishada kinakumwagikia mkononi. Juisi hiyo.

Ijumaa, 21 Machi

Kumekucha jua kali, utadhani hapajatokea kitu. Nzi na manyigu kila mahali. Kreti zinanuka siki. Lori limekuja, bwana wa kipimo kashuka, kanusa, wala kioo hakukitoa mfukoni. Kampa Baba pole, kapanda.

Mimi hakuniangalia. Bora angenitukana.

Jumamosi, 22 Machi

Baba kaamka, kala, katoka. Mama anatembea ndani kama kuna mgonjwa. Najichukia. Na huu ulimi nauchukia.

Nikaenda kwa Mzee Ratilal kumtukana. Kweli kabisa, nilikuwa nimeyapanga matusi. Nikamwambia wewe na maneno yako ya vitabuni mmetuua. Akasimama, akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema hakuniambia nisubiri. Hakuniambia. Hilo ndilo linaloniuma, nimekipekua kichwa kizima sioni alipokosea.

Nikamuuliza kwa kejeli: basi hii yangu nayo ni rasa? Ile ya huzuni? Mbona tamu siisikii?

"Hapana, Yona. Rasa ni ya anayetazama. Ya kwako mwenyewe haiitwi hivyo." Akafikiri. "Hiyo ni huzuni tu."

Bibi Savita alikuwa mlangoni. Mara hii hakumbishia.

Jumatatu, 24 Machi

Nimemwomba Baba msimu mmoja tu. Mmoja. Nikamwambia nitakata siku kitakayosema kipimo, sitafungua mdomo. Akasema, "Mwanangu, sikukasirikii. Nimechoka." Ningependa angekasirika. Mtu mwenye hasira unaweza kumsubiri zipoe.

Alhamisi, 27 Machi

Tumeanza kung'oa. Baba kashika mstari wa kwanza, mimi wa pili. Sururu mbili, panga moja la kukatia mizizi. Nilidhani itakuwa kazi ya wiki, lakini udongo umelowa mpaka chini na mashina yanatoka kirahisi. Mpaka saa nane tulikuwa na mistari minne chini. Nyaya tumezikunja, nguzo tumeziegemeza ukutani, mashina Mama ameyapanga jikoni yakauke awe na kuni.

Kuna shina moja lilinisumbua, Baba akaja akashika upande wa pili, tukavuta wote.

Imebaki mistari kumi na miwili. Kesho tutaanza mapema, kabla ya jua.