Fisi Apata Wakili Lubumbashi

Shikamoo Mama, natumaini magoti yamepoa.

Baridi ya huku asubuhi inauma kama ya kwetu Makete. Nimejifunga kitenge chako juu ya koti, lakini leo wala siisikii. Nimetoka darasani sasa hivi. Mkuu wa kitivo cha sheria alikaa nyuma kunipima, aone kama mwalimu wa fasihi aliyehamia sheria atafaa. Nikajikuta nawasimulia wanafunzi kile kisa chako cha jikoni: sungura kaiba karanga, kampaka fisi maganda mdomoni akiwa usingizini, fisi kapigwa na wenye karanga. Sisi wanao tulikuwa tunacheka tu. Hapa binti mmoja akasimama, amekasirika kweli: “Madame, fisi alikuwa analala. Balimupiga bure, hata muntu moya hakumuuliza kitu.” Darasa likalipuka, hawa wakimtetea fisi, wale upande wa wenye karanga, na mkuu mwenyewe kanyoosha mkono kuomba nafasi ya kusema.

Uliogopa sheria itaninyang'anya hadithi zako. Mama, nimepewa muhula mzima nifundishe kwa hizo hizo. Kesi tumeiahirisha mpaka shahidi afike, na shahidi ni wewe. Anza kutafuta pasipoti.

Bintiyo,
Neema