Mlango wa Sebuleni na Mashine ya Mjomba Murdoch

Jumatano, 1 Mei

Nisamehe, daftari. Tangu Septemba sijakugusa. Ulikuwa chini ya soksi za Effie, na soksi ndizo zilizoninyima muda – kila siku anapoteza moja. Lakini nisidanganye. Nilikuwa na jambo moja tu la kuandika, na nililiogopa. Leo siliogopi.

Agosti iliyopita Effie alilazwa hospitali ya Invercargill siku sita. Kifua. Miezi mitano tu, na kila akivuta pumzi mbavu zinabonyea ndani. Nesi akaniuliza, nyumba yenu ina joto kiasi gani? Nikasema sijui. Akanipa kipimajoto kidogo cha kubandika ukutani. Nikakibandika juu ya kitanda cha Effie. Nyuzi kumi na moja.

Jumapili iliyofuata tulikula kwa Mjomba Murdoch. Ni mjomba wa Lachie mume wangu, na ndiye mwenye nyumba tunayopanga. Akasema mbele ya ukoo mzima, kisu cha nyama mkononi: mtoto anaumwa kwa sababu mama yake hajui kutunza nyumba. Hafungui madirisha. Sisi tulikulia kwenye baridi hii hii ya Mataura, tukavaa sweta, tukapona.

Watu waliendelea kutafuna. Hata Lachie alitafuna. Mimi nilihesabu njegere kwenye sahani yangu. Kumi na saba. Sijasahau hata moja.

Leo asubuhi jalidi ya kwanza ya majira ya baridi. Nyasi nyeupe hadi kwenye banda la kuku. Effie ameanza kukohoa. Kidogo tu. Lakini ninaijua namna ile.

Mwaka huu haendi hospitali. Na yule mzee atayameza maneno yake, bila mchuzi.

Ijumaa, 3 Mei

Mjomba amekuja! Nilimpigia jana nikamwambia sheria inamtaka mwenye nyumba aweke kitu cha kupasha joto sebuleni, si kile kihita cha bei rahisi kinachochoma vifundo vya miguu na kuacha pua inaganda. Akasema ana pampu ya joto tayari, ile mashine ya ukutani inayopuliza hewa ya moto. Nilifurahi, mjinga mimi.

Pampu yenyewe ilikuwa nyuma ya pikapu, imefunikwa turubai. Ameing'oa kwenye kibanda chake cha likizo huko Riverton. Kilowati mbili na nusu. Kipande cha ukutani kimekuwa cha manjano kama jino la mvuta sigara.

"Miaka tisa haijawahi kulalamika," akasema.

Italalamika vipi, na yeye huenda kule Januari tu, kiangazi, amevaa kaptula?

Akapima sebule kwa futi yake. Kutoka dirishani hadi pale zulia linapoishia. Mita tano nukta mbili kwa nne nukta moja. Akaandika kwenye kiganja. "Inatosha na kubaki."

Nikamwambia, "Mjomba, kabla hujatoboa ukuta, acha nimwite fundi aangalie."

"Mwite hata askofu, binti. Baridi yako iko kichwani. Vaa sweta."

Nilikuwa nimevaa mbili.

Effie akamkabidhi soksi yake. Akaicheka, akaitia mfukoni, akaondoka nayo. Sasa zimebaki saba, na hazifanani.

Jumatatu, 6 Mei

Effie amelala. Niandike upesi.

Fundi anaitwa Semisi, Mtonga wa visiwani anayekaa kule Gore. Alivua viatu mlangoni kabla sijamwambia. Effie alimpa mkate wake wa jibini uliokwisha kutafunwa, naye akaula kwa heshima zote. Nilimpenda hapo hapo.

Nilimwonyesha mashine ya Riverton. Akaigeuza, akasoma kibandiko, akaguna.

"Dada, hii namba ni ya siku ambayo huko nje kuna nyuzi saba. Asubuhi ya Julai hapa kwenu kuna nyuzi saba?"

"Zipo saba. Chini ya sifuri."

Alicheka hadi akashika tumbo. Baridi ikizidi, anasema, mashine yoyote hupungukiwa nguvu. Halafu kile kipande cha nje kinaota barafu, na kikishaota kinabidi kisimame kijiyeyushe kwanza. Mashine ndogo hapo inahema tu. "Inasimama, na wewe unasimama nayo, mtoto mkononi."

Basi akaanza kupima. Akafika pale zulia linapoishia, akasimama. Akatazama juu kwenye fremu. Akatazama jikoni. Akatazama korido.

"Mlango uko wapi?"

"Hakuna mlango."

"Kuna reli ya mlango."

"Mjomba aliutoa zamani. Alitaka pawe wazi."

"Ahaa," akasema, kama mtu aliyepata samaki. "Basi sebule yako haiishii kwenye zulia, dada. Inaishia kwenye friji. Na kule kwenye korido inaishia mlangoni kwa huyu mrembo." Yaani Effie. Kama hapana cha kufunga, joto linakwenda kote, na kikokotoo cha serikali, ambacho ndicho sheria inakifuata, kinahesabu kote.

Tukakijaza pamoja kwenye simu. Dari, madirisha, sakafu isiyo na kizuia baridi chini yake. Jibu: karibu kilowati saba!

Mashine ni moja bado, kipande kimoja ndani, kimoja nje. Ila yenye kifua. Ikiwekwa ukuta wa mashariki itapuliza urefu wote wa sebule na kuingia koridoni. Mlango wa Effie ukiachwa wazi, joto linamfikia kitandani.

Linamfikia kitandani. Nimeiandika mara mbili kwa sababu napenda inavyosomeka.

Jumanne, 7 Mei

Vipeperushi vitatu viko kwenye friji, nimevibandika kwa sumaku. Kimoja ni cha mashine ya kukaa chini, karibu na sakafu. Nzuri kwa miguu. Lakini Effie ataingiza mkate wa jibini mle ndani kabla ya chakula cha mchana. Hapana. Ya ukutani.

Ya pili ina kelele nje, na nje ni chini ya dirisha lake. Hapana.

Ya tatu. Kilowati saba na ushee, na wameandika inatoa ngapi kukiwa na baridi ya kweli. Hawakuficha. Semisi anasema kipande cha nje kiwekwe pembeni, upande wa kamba ya nguo, kisidondoshe maji njiani, yakiganda nitavunja kiuno.

Nimechagua. Ni mara ya kwanza kuchagua kitu cha nyumba hii.

Lachie anasema, Mama Effie, mashine si ya kununua sisi, na huyu mzee akikasirika tutahamia wapi? Amerudi kutoka machinjioni amechoka, mikono imevimba. Nilimpikia. Effie alipokohoa nilimkabidhi yeye ampigepige mgongoni, kikohozi akisikie mwenyewe.

Jumapili, 12 Mei

Sikukuu ya Mama. Tumekula kwa Mjomba Murdoch, ukoo wote, kondoo wa kuoka, mchuzi wa mnanaa, mizizi ya swidi ya kuponda. Viti vile vile. Watu wale wale. Nilikaa mahali pale pale nilipohesabu njegere.

Hakunikawiza, maana nilishampigia nikamwambia jibu la kikokotoo. Kabla ya keki akagonga glasi. "Jamani, Shona hataki pampu yangu. Anataka tanuri la mkate ukutani! Kilowati saba! Labda anataka kuota jua kama yuko Fiji."

Wakacheka. Mkewe, Shangazi Nessa, alicheka akitazama sahani. Lachie alitazama mikono yake.

Mimi nikatabasamu. Nikamfuta Effie mdomo. Nikauliza kwa sauti tamu kabisa: "Mjomba, ule mlango wa sebuleni kwetu, uliutoa mwaka gani vile?"

Oh, alivimba! "Tisini na nane. Kwa mikono yangu hii. Nyumba ya kwanza mtaani kuwa wazi toka sebuleni hadi jikoni. Watu walikuja kuangalia. Ndiyo maana niliandika kwenye mkataba wenu – sebule wazi, kubwa."

"Kubwa," nikasema.

"Kubwa!" akasema, na kupiga meza.

Watu kumi na mmoja wamesikia. Keki ya krimu na kiwi ilikuwa nzuri. Nilikula vipande viwili.

Tumesahau sweta ya Effie kwao. Ile ya kijani.

Jumatatu, 13 Mei

Mkataba nimeutoa kwenye sanduku. Mwandiko wake mwenyewe. Sebule wazi, kubwa. Nimeupiga picha tatu.

Effie, kikohozi usiku kucha. Kipimajoto kumi na mbili.

Jumatano, 15 Mei

Naandika huku bado nacheka.

Saa tatu asubuhi pikapu. Nilikuwa nje naanika nepi, zinaganda kabla sijabana kibanio. Murdoch akashuka na drili na kopo la mafuta. Hakunisalimu. Akaingia, akapaka mafuta kwenye reli ya mlango, akatoka.

Kumbe ameelewa! Mtu kamweleza, labda Nessa. Mlango ukirudi, sebule inaishia kwenye zulia tena. Mashine ndogo itatosha kwenye karatasi. Na Effie anabaki upande wa pili wa mlango, koridoni, na nyuzi zake kumi na mbili.

"Mlango wangu uko wapi?" akauliza. "Niliuacha gereji kwangu miaka yote, leo haupo."

"Uliuuza, Mjomba."

"Nimuuzie nani?"

"Lachie. Oktoba, ulipotoa vikorokoro vya gereji. Dola mbili. Ukamwongezea soseji kwenye mkate."

Akakumbuka. Nilimwona akikumbuka, ilianzia shingoni ikapanda. Akageuka polepole akatazama bandani. Mlango wenyewe, mbao nzuri ya mti wa rimu, upana wa mita moja na nusu, umelala kama paa juu ya kuku wangu sita. Hawajawahi kulowa.

"Nitakurudishia dola mbili."

"Kuku hawauzi."

"Shona, usinichezee."

"Sichezi, Mjomba. Agosti uliniambia sijui kutunza nyumba. Nimejifunza. Naanza na ya kuku."

Akaniambia nyumba ni yake na anaweza kuiuza kesho. Nikamwambia auze, ila atakayenunua atanikuta na Semisi, maana Semisi anakuja kesho saa mbili kupima rasmi, sebule ilivyo, kama ilivyo kwenye mkataba. Sauti yangu haikupanda. Effie alikuwa ubavuni kwangu na alinishika sikio muda wote.

Kama angesema pole. Neno hilo moja, hata kwa kulitema. Ningeingia ndani nikampikia chai, wallahi – sijui ningefanya nini. Hakusema. Akaita kuku wangu wezi, akaondoka, drili ameisahau kwenye ngazi.

Nimewaza mchana kutwa. Siku mashine ikiwaka, nitamwalika. Nitamketisha kwenye kochi, chini ya upepo wenyewe, nyuzi ishirini na tano. Akianza kutoka jasho nitamletea sweta. Nitamvika mwenyewe kwa upendo, hadi shingoni.

Lachie amerudi saa kumi. Nilimweleza yote, nikasubiri kusikia tutahamia wapi. Akachukua ile drili ya mjomba wake, akaenda bandani, akapiga skrubu nane zaidi kwenye mlango. Nilizihesabu kutoka dirishani.

Kisha akaingia, akanawa, akambeba Effie, akambandika sikio kifuani akasikiliza. Muda mrefu.

"Mwandikie," akasema.

Alhamisi, 16 Mei

Semisi amekuja, amepima, ameondoka. Karatasi iko mezani: kilowati sita nukta nane, mashine ya tatu inafaa. Amesema kama ikiagizwa wiki hii, ataweza kuiweka kabla ya Juni kwisha. Effie amempa soksi. Yeye ameirudisha.

Nikamtumia Murdoch kwa simu karatasi, mkataba, na notisi ya siku kumi na nne ya kurekebisha nyumba. Nyuzi za chumbani kwa Effie pia, kila asubuhi tangu tarehe mosi. Sikuweka tusi hata moja. Ilikuwa ngumu kuliko kujifungua.

Saa tano amejibu. Maneno matatu. BADO UNATAKA NINI.

Lachie yuko kazini, Effie amelala kifuani kwangu, anakoroma kwa mluzi. Siwezi kusogea kwa hiyo naandika hapa kwanza, kwa mkono mmoja, kisha nitanakili kwenye simu.

Mjomba, nitumie haya.

Barua ya kuagiza mashine, yenye namba ya mashine yenyewe, ile ya tatu, si dada yake mdogo.

Tarehe ya Semisi kuja kufunga. Tarehe, si "karibuni".

Ile taarifa ya joto la nyumba ambayo mwenye nyumba anatakiwa kuisaini, na sijawahi kuiona tangu tuhamie. Isainiwe.

Maandishi kwamba hakuna mlango utakaorudi pale, wala mpya wala wa zamani.

Mtu wa kuja kuchukua mashine ya Riverton, bado iko kwenye veranda yangu. Na drili yako, Lachie ameshamaliza kuitumia.

Pole. Inaweza kuja kwa meseji. Lakini itumwe kwa wote kumi na mmoja waliokuwa mezani.

Soksi ya Effie, nyeupe, ina bata.

Na sweta yake ya kijani, vifungo vitatu, iko kwa Nessa nyuma ya kiti. Hiyo itangulie, itumwe leo hii. Mpaka mashine ije ataihitaji.