Ulivyonililia Kwenye Filamu

Mama,

Bibi hajambo, kikohozi kimepungua. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nashindwa.

Jumapili nilikwenda na Peizhen, mwanafunzi mwenzangu, kutazama filamu yako. Ilipotokea picha ya binti yako wa kwenye filamu, aliyekufa, imewekwa mbele ya ubani, nikajiona mimi. Peizhen akaninong'oneza, "We, huyo marehemu ni pacha wako?" Nikacheka tu.

Nyumbani Bibi akanikabidhi bahasha nyekundu yenye pesa waliyoitoa watu wa filamu, ya kumwondolea mkosi mtu aliye hai ambaye picha yake imetumika kama ya marehemu. "Mvumilie mama yako, mjukuu wangu. Watu wakijua ana mtoto wa kweli, hatapewa tena nafasi za kuigiza wasichana kwenye filamu nyingine."

Magazetini unasema hujazaa, nami nimenyamaza miaka yote. Lakini pale uliikumbatia picha yangu ukalia, "Mwanangu," watu wote wakisikia, na mimi nimekaa safu ya tano, mzima.

Ni mimi,
Ruolan