Baba Alivyobaki na Makinda wa Korongo

Stara Grobla,
Podlasie, Polandi.
4 Novemba 2018

Mpendwa Kaka Ksawery,

Nakusalimu kutoka nyumbani, wewe na wifi yangu Kalina pamoja na watoto. Mgongo wako unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema daktari amekukataza kubeba mizigo kazini, nami ninavyokujua, utakuwa umebeba. Huko Winnipeg bila shaka theluji imeshashuka. Hapa bado ni ukungu na matope, na goti langu linaniambia kila asubuhi kwamba baridi yenyewe iko njiani. Seweryn hajambo. Jagna yuko mwaka wa mwisho wa sekondari na anatuona sote wajinga, kwa hiyo naye hajambo.

Baba pia ni mzima. Nimelitanguliza hilo ili uyasome mengine kwa utulivu.

Ujumbe wako niliusoma nikiwa jikoni, nikailaza simu kifudifudi mezani. Umeandika kwamba udongo wa kaburi la Mama haujakauka na Baba ameshahamia kwa mwanamke, na mimi niliye karibu nimenyamaza tu. Binamu aliyekupa habari hizo hakukudanganya, ila amekupa mwisho bila mwanzo. Kwenye simu tungegombana, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Wewe ulirudi Kanada wiki ile ile tuliyomzika Mama, Kaka. Hukuyaona majira ya baridi yaliyofuata. Nilikuwa nikimpelekea Baba supu, kesho yake naikuta kwenye jiko ikiwa na utando juu. Alikaa dirishani na koti lake la nje, ndani ya nyumba. Vyombo vyake vya kuvulia samaki, ambavyo tukiwa watoto tulikuwa haturuhusiwi kuvigusa, alimpa jirani, na alipoulizwa sababu alisema mtoni hana shughuli tena. Kuna siku nilimkuta amepiga pasi shati lake jeupe na kulitundika mlangoni. Nilimuuliza anakwenda wapi. Akasema haendi popote, ila sisi tusije tukahangaika kulitafuta siku ikifika. Nilitoka nje nikajifanya natafuta paka.

Safari ya baiskeli lilikuwa wazo la Jagna. Unakumbuka kwamba kila mwaka Juni ikianza, Mama alituburura sote kwenda kuona korongo weupe kwenye viota vyao, kijiji hadi kijiji kando ya mto Narew, mvua inyeshe isinyeshe. Mimi nilidhani mwaka huu tungeliacha jambo hilo kwa heshima. Jagna alikwenda kwa babu yake, akaitoa baiskeli ya Mama ghalani, akamwambia kwamba tairi halina upepo na yeye hajui kuliziba. Kuziba pancha anajua tangu ana miaka minane. Baba aliliziba, kisha akaitazama ile baiskeli kwa muda, akaenda kuitoa na ya kwake.

Tuliondoka wanne, mimi, Seweryn, Jagna na Baba. Siku ya kwanza Baba aliendesha nyuma kabisa. Korongo walikuwa wengi mwaka huu. Kila nguzo ilikuwa na kiota, na kila kiota kilikuwa na vichwa vidogo vyenye midomo myeusi. Jagna alikuwa akisimama chini ya kila nguzo kama Mama alivyokuwa akifanya, anainua uso mpaka kofia inadondoka. Baba alisimama naye, akatazama magurudumu. Mume wangu Seweryn, maskini, alijaribu kumchangamsha, akamwambia kwamba akizidi kwenda polepole hivyo, nzi watadhani amepaki. Baba alimjibu kwamba nzi wana akili kuliko wakwe wengine. Ulikuwa mzaha wa kwanza tangu mazishi, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Siku ya pili tukafika Wólka Korycka, kile kijiji cha nyumba za mbao kwenye ukingo wa malisho, ambako wengi ni Waorthodoksi. Kwenye nyumba ya mwisho watu walikuwa wamekusanyika. Korongo mmoja alikuwa amelala amekufa kwenye majani chini ya waya wa umeme, bawa limeungua. Hatukujua kama alikuwa dume au jike. Mwenzake alikuwa amesimama kwenye kiota juu ya nguzo, na ndani mlikuwa na makinda wanne wadogo, bado wana manyoya laini ya kitoto. Mwenye nyumba, Bi Pelagia, mjane wa umri wa Mama, alitueleza kwamba yule ndege hajaondoka tangu jana. Akienda kutafuta chakula, kuna korongo wageni wanaozunguka angani wanaokitaka kiota, nao huwaua makinda. Asipokwenda, makinda wanakufa njaa. Alikuwa amepiga simu kila mahali. Daktari wa mifugo alimwambia kwamba njia iliyopo ni watu wawapelekee samaki wadogo hapo hapo kiotani, mara kadhaa kwa siku, mpaka makinda wakue kiasi cha kuachwa peke yao. Bi Pelagia mwenyewe ana nyonga mbovu, ngazi hawezi.

Jirani yake mmoja, Bogusz, alikuwa ameegemea uzio akivuta sigara. Alimwambia Bi Pelagia aache kujisumbua, kwamba korongo wamejilea wenyewe tangu enzi za Nuhu.

Baba, ambaye hakuna aliyemuuliza, akasema, "Na hizi nyaya, Nuhu ndiye aliyezitandaza?"

Watu waligeuka kumtazama. Bogusz akatupa sigara yake, akasema kama mzee ana nguvu basi apande yeye. Baba akauliza ngazi iko wapi. Ilipoletwa ngazi ya wazimamoto wa kujitolea, mimi nilimshika mkono. Nilimkumbusha umri wake. Nilimkumbusha moyo wake. Alinitazama kama zamani alivyokuwa akinitazama nikiwa nimevunja kitu.

"Bogna," alisema, "ninyi endeleeni na safari. Mimi nabaki hapa."

Nikamwambia tumepanga kurudi nyumbani wote pamoja, na hapa hana hata nguo. Akasema ana miguu, na mto uko kule chini, na kama kuna mtu wa kumwazima ndoano basi hana shida nyingine. Seweryn alinivuta pembeni akaninong'oneza nimwache, kwa sababu mtu aliyepiga pasi shati la kuzikwa ameomba ndoano. Nilikasirika. Niliona ametutupa katikati ya njia, ndani ya safari ya Mama. Lakini niliondoka, na njia nzima nilikuwa nikigeuka nyuma kana kwamba nimesahau mtoto.

Hivyo ndivyo ilivyoanza, Kaka. Alilala darini, kwenye ghala la nyasi kavu. Alfajiri anakwenda mtoni, anarudi na ndoo ya samaki wadogo, anapanda, na yule korongo mzima anaruka na kusimama juu ya paa kumsubiri amalize. Wazimamoto walizoea kuja kumshikia ngazi. Bogusz naye akaja, kwanza kucheka, halafu kushika ngazi, na mwishowe alikuwa akimgombeza kila mtu aliyepita na mbwa asiyefungwa.

Kijijini wakaanza kusema kwamba mzee mjane anamsaidia mjane mwenzake kulea. Baba hakuyapenda maneno hayo. Aliniambia yule ni ndege na yeye ni mtu, na walio na njaa ni makinda. Nami sikupi habari hizi kama fumbo. Nakueleza kilichotokea.

Katikati ya Juni ilinyesha mvua ya baridi, na makinda wawili wakafa. Baba aliwashusha mwenyewe, akawazika nyuma ya ghala, na siku hiyo hakula. Bi Pelagia alinipigia simu akaniomba nije, kwa sababu anamwogopea. Nilifika jioni nikiwa nimejiandaa kumchukua kwa nguvu. Nilimkuta mezani, ameketi mbele ya bakuli la pierogi, na Bi Pelagia amesimama juu yake kama polisi.

"Mzee Ignacy," alikuwa akimwambia, "wawili bado wako juu. Ukianguka wewe, nitawapandia mimi na nyonga hii?"

Baba akashika uma, akala.

Nitakuambia ukweli nilivyojisikia: niliumia. Mimi nilipika miezi yote ile na bakuli zikarudi zimejaa. Mwanamke huyu kamwambia neno moja tu, na amekula. Niliendesha gari kurudi nyumbani nikilia, nikimlaumu Baba, nikimlaumu Bi Pelagia, na hata Mama nilimlaumu kwa kutuachia kazi hii. Kwa hiyo usidhani hasira yako siielewi. Niliitangulia.

Makinda wawili waliosalia waliota manyoya ya kurukia. Julai walikuwa wakisimama ukingoni mwa kiota wakipiga mabawa, na Jagna alishinda huko likizo nzima. Agosti, korongo walipokusanyika kwenye malisho, tulikwenda sote. Asubuhi moja wakaondoka, wale wawili wakiwa ndani ya kundi, na hatukuweza tena kuwatofautisha na wengine. Baba alisimama akitazama mpaka hakukuwa na kitu cha kutazama. Kisha akapanda baiskeli, akarudi nyumbani nasi, nami nikadhani jambo limekwisha.

Halikwisha. Alikaa nyumbani Septemba nzima. Alifagia, alirekebisha banda, alikwenda kwa Mama makaburini kila Jumapili. Chakula alikula. Halafu siku moja akaja kwangu, akavua kofia, akaketi pale unapoketi wewe ukija, na kuniambia anataka kuhamia Wólka. Niliuliza kama ni ndoa. Akasema katika umri wao hawana haraka ya kujua ni nini. Nikamuuliza, na maneno haya nayajutia, kama Mama ameshamtoka moyoni.

Hakunikaripia. Aliizungusha kofia yake mikononi, kisha akasema, "Mama yenu nazungumza naye kila siku, hajibu. Kule nikiamka kuna mtu ananiuliza nimelalaje. Basi, mwanangu. Sina sababu nyingine ya kukupa."

Nilimfungia mikate.

Sasa nikueleze ya Alhamisi iliyopita, Siku ya Watakatifu Wote. Tulikwenda kaburini mapema na maua ya krisanthemu na mishumaa, kama kawaida. Baba alikuwa ameshafika. Alikuwa amefagia majani, ameosha jiwe, na amepiga magoti kwenye udongo uliolowa akijaribu kuwasha mshumaa kwenye upepo. Nilimsaidia kuukinga. Tulisali. Nilipoinua macho nikamwona Bi Pelagia nje ya lango, barabarani, ameshika baiskeli mbili, yake na ya Baba. Alikuja njia yote ile na nyonga yake mbovu. Hakuingia. Baba hakumwita, wala hakuniomba mimi lolote. Alikuwa akiutazama mwali wa mshumaa. Watu walikuwa wakipita kando ya Bi Pelagia wakimwangalia, na wengine walimjua ni nani. Yeye alitazama chini.

Kaka, sijui wewe ungefanya nini. Nilisimama pale, na jina la Mama liko mbele yangu kwenye jiwe, na nikangoja niambiwe la kufanya. Kisha nikatembea mpaka langoni. Nilizichukua zile baiskeli nikaziegemeza ukutani. Bi Pelagia alisema yeye si wa kanisa letu na hataki kuleta maneno siku kama hii. Nikamwambia Mama alikuwa hapendi watu wasimame mlangoni. Nikamshika mkono, tukaingia.

Alisimama mbele ya kaburi, akajifanyia ishara ya msalaba kwa namna ya kwao, kutoka kulia kwenda kushoto, akamwomba Mama radhi kwa sauti ndogo. Jagna akasogea ili apate nafasi.

Sikuombi ufurahi. Mpigie Baba tu. Siku hizi jioni hukaa karibu na simu, na ikilia husimama kabla hajajua ni nani.

Msalimie sana wifi Kalina, uwabusu Gustaw na mdogo wake Idalia kwa niaba ya shangazi yao. Seweryn na Jagna wanakusalimu. Shangazi Felicja anakuombea kila jioni, na anasema uvae soksi za sufu. Mungu awalinde barabarani na nyumbani, na atujalie tuonane tukiwa wazima.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukinikasirikia,

Bogna