Siku ya Kuhesabu Miti

Kibanda cha Sadaji, Mlima Moriyoshi
4 Januari 1978

Shikamoo Baba,

Mama hajambo? Goti linamruhusu kukaa chini? Mimi ni mzima, ila pua imebabuka kwa upepo na vidole vinaniuma kila nikisogea jikoni. Heri ya mwaka mpya, ingawa nimechelewa.

Sasa tulia kabla hujakasirika. Niko Moriyoshi. Ndiyo, mlima wetu, lakini nimepandia upande wa pili, maana nilijua ukiniona stesheni na kamera na miguu yake mitatu utanirudisha kwa sikio. Nimepanga kwa Sadaji mwenye kibanda, ambaye huteremka na barua kila baada ya siku mbili tatu. Kazi yangu ni kupiga picha za miti ya barafu, ile iliyogandiwa theluji mpaka kileleni, katikati ya dhoruba. Picha za siku ya jua kila mtalii anazo. Mimi nataka ile dakika upepo unapolirarua wingu na miti inaonekana imesimama kama watu waliokatizwa mazungumzo, halafu wingu linafunga. Nasubiri saa tano kwa ajili ya dakika hiyo. Filamu naiweka kifuani, maana ikipigwa na baridi inakatika kama biskuti.

Mwambie Mama sikuja kumtafuta kaka Mitsugu. Ni miaka miwili sasa tangu apande kuwinda asirudi. Kama theluji ingekuwa na cha kuturudishia, ingekwisha kurudisha. Na wewe usianze habari za Bibi Mwenye Mlima, mungu wenu wawindaji. Siku yake naijua. Nilingoja tarehe kumi na mbili Desemba ipite, ndipo nikapanda. Umenilea vizuri.

Mwanao,
Chigusa


Kuzusawa
8 Januari

Mwanangu Chigusa,

Marahaba. Mama yako hajambo, goti ndilo linalolalamika. Mimi napumua. Umefanya vibaya kuingilia mlango wa nyuma wa mlima wa baba yako, lakini hilo tutaligombania ukirudi.

Umengoja siku isiyo yake. Mlima hausomi kalenda ya ukutani. Siku ya Bibi ni ya kumi na mbili katika mwezi wa kumi na mbili wa kalenda ya kale, ile inayofuata mwezi wa angani. Mwaka huu inaangukia tarehe ishirini Januari. Siku hiyo anapita kuhesabu miti yake, na akimkuta mtu amesimama humo, humhesabu pamoja na miti. Akishahesabiwa ni mti. Wazee hawakuongeza neno juu ya hapo.

Utaniuliza mbona kijiji kinaiadhimisha Desemba. Ni mimi. Vijana walikuwa wakiondoka kwenda vibaruani mjini, tukakosa watu wa kubeba sadaka. Mimi ndiye mkuu wa wawindaji, nikasema tuisogeze siku, Bibi ataelewa. Tulimsogezea mungu siku yake ili watu wawahi basi! Mwaka ule Mitsugu aliniuliza, “Baba, siku imepita?” Nikamjibu, “Imepita, nenda.” Ilikuwa tarehe kumi na mbili Januari. Baada ya siku tisa za kumtafuta ndipo nilipokaa nikahesabu kwa vidole, nikaona kwa kalenda ya kale nilimtuma siku ile ile ya Bibi.

Mama yako hajui. Sasa unajua wewe. Shuka.

Baba yako,
Tomezo


Kibandani
13 Januari

Shikamoo Baba,

Natumaini nyote mnaendelea salama. Mimi sijambo. Barua yako nimeisoma mara tatu. Sikulaumu. Nalisema mapema usije ukasoma yaliyobaki ukitafuta lawama.

Picha nazisafisha humu humu, kwenye ghala la Sadaji, kati ya magunia ya mchele na mapipa ya figili. Kuna mteremko mmoja nimeupiga kila siku tangu nifike, kamera juu ya jiwe lile lile. Kwenye picha kuna miti arobaini na moja. Jana dhoruba ilipopumzika nikashuka kuitembelea, nikaigusa mmoja mmoja kwa fimbo. Arobaini. Nikarudia, arobaini. Jioni nikampa Sadaji picha aihesabu bila kumwambia kitu.

“Arobaini na moja,” akasema. “Vipi, unataka kuikata?”

Nikazipanga picha kwa tarehe. Huo mmoja wa ziada haukai mahali pamoja. Tarehe tano uko nyuma kabisa. Tarehe nane uko katikati. Jana uko mbele ya wenzake, na bega lake la kushoto limeshuka, vile vile linavyoshuka la Mitsugu akibeba bunduki. Baba, ananijia mimi.

Kwa hiyo sishuki. Tarehe ishirini nitakuwa pale. Kama Bibi anapita kuhesabu, basi hiyo ndiyo siku ambayo mtu anaweza kumwambia amekosea.

Mwanao,
Chigusa


Kuzusawa
16 Januari

Chigusa,

Salamu tutapeana tukionana. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wewe hutaishia kuvunjika guu.

Bibi hakosei. Hesabu yake haipungui. Anayetaka kumtoa mmoja sharti amwachie mwingine, ndiyo maana hujasikia mtu aliyekwenda kudai. Ukisimama pale siku hiyo, kaka yako atarudi na wewe utabaki. Nimwambie nini mama yako? Kwamba nimepoteza wawili kwa ulimi mmoja?

Nimempelekea Sadaji ujumbe azifiche mbao zako za kutelezea thelujini. Mchukie baadaye. Tangu uzaliwe sijakuomba kitu, nilizoea kuamuru. Leo nakuomba. Tarehe ishirini kaa ndani, mlango ufungwe, hata ukiitwa kwa jina lako. Kosa ni langu mimi, si lako.

Mama yako ananiuliza kwa nini nimelitoa joho langu jeusi la ngozi yenye manyoya, la kuwindia, na kulipaka mafuta, na mimi nimeacha kuwinda. Nimemwambia linakauka.

Baba yako


Kibandani
21 Januari

Shikamoo Baba,

Mimi ni mzima, usihofu. Wewe je? Nijibu upesi, na barua hii usiiweke mfukoni usome kesho.

Nilikutii. Sadaji alizificha mbao zangu, akakaa mlangoni anakula wali kama askari jela. Dhoruba ilipiga tangu asubuhi. Kama saa nane mchana nikaitwa. Haukuwa upepo, upepo naujua. Ilikuwa sauti ya Mitsugu, ile ya kuniambia chakula tayari. Sadaji naye alisikia, akaacha kutafuna. Nilikwenda mpaka mlangoni, Baba, mkono ukafika kwenye komeo. Kisha nikakumbuka kwamba umeniomba, wewe usiyeomba, nikarudi nikaishika meza kwa mikono miwili mpaka sauti ikanyamaza. Nililia sana.

Nilichoweza ni kuielekeza kamera dirishani. Wingu likararuka mara moja tu, nikapiga picha moja. Nimeisafisha leo. Miti ni arobaini na moja, lakini ule wenye bega lililoshuka haupo. Kuna mwingine, mfupi, miguu imetanuka, umesimama palepale njia ya kutoka kwetu inapotokea. Barafu yake bado nyembamba, na ndani yake naona kitu cheusi chenye manyoya.

Asubuhi nilikwenda pale. Nikakuta nyayo zinazoteremka kuelekea kijijini. Zinazopanda sikuziona, dhoruba imezifuta au hazikuwapo.

Sadaji anateremka peke yake na barua hii. Mimi anakataa kunichukua mpaka theluji ya juu itulie, siku nne au tano. Baba, joho lako la ngozi liko msumarini? Nenda kaliangalie, uniandikie kwamba lipo. Hilo tu linatosha.

Mwanao,
Chigusa


Kuzusawa
25 Januari

Mdogo wangu Chigusa,

Hujambo? Usiushangae mwandiko. Ni mimi, Mitsugu. Barua yako nimeifungua mimi kwa sababu Baba hayupo, na joho lake halipo msumarini.

Nilifika nyumbani tarehe ishirini jioni. Mama alikuwa anakata figili. Hakupiga kelele, alisema tu, “Vua viatu.” Ananiambia imepita miaka miwili. Kwangu ilikuwa alasiri moja ndefu ambayo sikuweza kukaa chini. Nilikuona wewe na lile dubwasha lako la miguu mitatu. Nilikuita. Kwa nini nilikuita sijui, na nashukuru hukuja.

Baba alipanda mpaka nilipokuwa, akasimama mbele yangu, akanifuta theluji machoni kwa kiganja.

Nikamwambia, “Umechelewa.”

Akasema, “Nilikosea hesabu, mwanangu. Teremka, usigeuke.”

“Na wewe je?”

“Nimesema teremka! Supu inapoa.”

Unajua alivyokuwa akigomba. Nikateremka kwa woga wa kuchapwa, mtu mzima mimi, na nilipofika darajani ndipo nikaelewa alichofanya. Nilikaa kwenye theluji nikamlilia.

Afya yangu ni ya kiasi. Siwezi kukaa karibu na jiko, na nikitulia muda mrefu Mama hulazimika kunipangusa barafu mabegani. Nimemweleza yote, pamoja na ile siku iliyosogezwa. Aliyaacha maji ya chai jikoni mpaka yakakauka. Kisha akasema mumewe alikuwa mjinga, na kwamba anamtaka. Najua unachopanga kwa mwaka ujao. Mimi nimekipanga pia, na Mama katupita wote, na goti lake lile. Lakini tukipanda mmoja mmoja kubadilishana, nyumba hii haitakaa ikamilike. Tumekubaliana hakuna atakayekwenda.

Njia ikifunguka, uje na ile picha ya dirishani. Mama hajali kama ni barafu tupu. Picha nyingine ya Baba hana, maana kila ulipotoa kamera hapa nyumbani, Baba alikumbuka ana kazi mlimani.

Kaka yako,
Mitsugu