Mji Usiong'olewa Jiwe

Newala
14 Novemba 1994

Kaka Optatus,

Shikamoo. Huku tunahangaika na korosho, mwaka huu zimezaa kweli. Mama ana kikohozi chake kilekile. Picha ya mji unakosoma huko Ufaransa ilifika. Nilimsomea Baba ulichoandika nyuma: kuta zina miaka mia saba, nyumba mpya hujengwa nje ya ukuta, na hata meya hathubutu kung'oa jiwe. Akanitaka nirudie kusoma mara tatu. "Kumbe nao wana mahame," alisema, "ila hawakuhamishwa."

Sasa biashara imeachiwa huru, na matajiri wa korosho wanatafuta viwanja vya maghala. Mmoja akapewa mahame yetu, kijiji cha zamani tulikohamishwa wakati wa Ujamaa, walikozikwa babu zetu, pamoja na ule mti wa tambiko, msoro, ambao Baba alimwaga unga chini yake wewe ulipoondoka, ili urudi salama. Siku ya kuukata, Baba alikwenda na picha yako mkononi. "Someni! Ufaransa hawagusi!" Wenye msumeno walicheka. Nami, Mungu anisamehe, niliona aibu. Nikarudi nyumbani, nikamwacha amekaa kwenye shina.

Wanasema walimwita mara mbili kabla mti haujaanguka.

Msingi wa ghala umeshachimbwa. Usitume picha nyingine, kaka. Na ukirudi usiulize utamwagiwa wapi unga. Msoro haupo, na aliyekuwa akimwaga tulimzika Jumamosi.

Mdogo wako,
Fides